Siku Jina la Paulo Lilipoingia Bila Paulo

Vijana wa ofisini mmenisumbua vya kutosha. "Mama Glory, andika, usije ukasahau." Haya, nimestaafu, nina meza, nina kiti, na mbuzi wangu hawana mengi ya kuniuliza. Msitarajie niwasimulie nilivyopanda cheo. Wapo wanaopenda kusimulia hayo, na wengi wao bado wako hai, waulizeni. Mimi nitawaandikia juu ya woga, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nyie mliniona nikifunga funga kompyuta mkadhani ni ukali. Haukuwa ukali. Nilikuwa naogopa.

Nilifika Karatu miaka ya tisini, nikitokea Rombo, na sanduku moja na koti lisilotosha kwa baridi ya huku. Mradi wetu ulikuwa wa kufuatilia faru wa kreta ya Ngorongoro. Walikuwa wamebaki wachache mno. Kila kundi la faru lilikuwa na watu wake wa kulifuata, wanaolala huko huko chini kwenye mahema, na kila siku wanatoa taarifa ofisini kwa redio ya upepo. Mimi niliajiriwa kukaa kwenye hiyo redio.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Tluway, Mwiraqw mrefu, mkavu, mwenye sweta la kijani alilolivaa jua na mvua. Siku ya kwanza hakunionyesha hata swichi. Alinitazama tu.

"Binti, wewe ni mwongeaji?"

"Hapana, mzee."

"Nikikuuliza faru yuko wapi, utaniambia?"

"Nitakuambia, mzee. Wewe si ndiye mkubwa wangu?"

Akatikisa kichwa, akanituma nikachemshe chai. Nilirudi na chai nikiwa nimeshajua nimeshindwa mtihani, ila sikujua mtihani wenyewe ulikuwa upi.

Nilikuja kuujua polepole. Redio ya upepo inasikika na kila mtu. Madereva wa watalii walikuwa wanatusikiliza ili wawahi kuwaonyesha wageni wao faru, na hao hawakuwa na ubaya, walikuwa wanatafuta bakshishi. Shida ilikuwa yule mwingine, usiyemjua, anayesikiliza kwa sababu anaitaka pembe. Huyo akishajua faru amelala wapi, anajua pia watu wanaomlinda wamelala wapi. Na ataanzia kwa watu.

Basi Mzee Tluway alikuwa amebuni dawa yake. Kila kundi la wafuatiliaji alilipatia zao la shamba. Wengine walikuwa vitunguu, wengine ngano, wengine mbaazi, wengine ngwara, zile kunde zetu nyeusi zenye mstari mweupe. Mtu wa vitunguu alifundishwa maneno ya vitunguu peke yake. Ukimwambia habari za mbaazi anabaki anakodoa macho. Anayesikiliza pembeni anadhani ni wakulima wa Karatu wanalalamika, na kweli wakulima wa Karatu hawaishi kulalamika. Mzee peke yake ndiye aliyejua mazao yote, na baada ya muda akanijulisha na mimi. Siku aliponijulisha nilikosa raha. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaepuka watu wa kwenye gereji, kana kwamba watayasikia kichwani mwangu.

Mdogo wangu Elirehema alinifuata Karatu akapata kazi kwenye mradi huo huo. Akapewa ngwara. Mzee alimfundisha mbele yangu, akaanza na lile la mwisho kabisa. "Ukiambiwa ngwara ina wadudu, usiulize wadudu gani. Acha hema, acha sufuria, acha kila kitu. Panda hadi kituo cha ukingoni juu. Umenielewa, kijana?"

"Na blanketi, mzee?"

"Blanketi litakuzika."

Eli akacheka. Mimi sikucheka. Mama yetu alikuwa amenikabidhi huyo mtoto mkononi, na tangu siku ile nilikuwa nikisikia sauti yake kwenye redio ndipo nakumbuka kuvuta pumzi.

Mzee Tluway aliondoka kazini mwaka ambao kompyuta zilikuja. Sisemi zilimfukuza, lakini alizitazama zikishushwa kwenye gari, akavaa kofia. Zikaja na dishi la setilaiti juu ya paa, na mkuu wetu wa mradi akafurahi sana. Kila kitu kiliingia kwenye folda moja: ramani za faru, kambi za wafuatiliaji, zamu za doria, mafuta ya magari, hadi orodha ya sukari ya jikoni. Paswedi ilikuwa moja kwa ofisi nzima, na paswedi yenyewe, nisikilizeni vizuri, ilikuwa "faru". Mpishi aliijua. Fundi aliyekuja kutengeneza choo aliijua, maana alimsikia mhasibu akimpigia kelele dereva kutoka chumba cha pili.

Nilipokabidhiwa kuzisimamia hizo kompyuta, jambo la kwanza nililoomba ni kugawa ruhusa kwa kazi ya mtu. Dereva aone magari. Mhasibu aone hesabu. Mtafiti aone faru wa utafiti wake. Mkuu wa doria aone ramani na kambi. Kichwani mwangu niliona vitunguu na ngano na mbaazi, si kitu kingine. Lakini jamani, ilikuwa vita!

Shirima, dereva wetu wa siku nyingi, Mrombo mwenzangu, aliacha kunisalimia. Siku moja akanisimamisha koridoni.

"Mama Glory, tumekula wote Krismasi, leo mimi ni mwizi?"

"Nani kasema mwizi, Shirima?"

"Mtu akifunga mlango wakati mimi napita, kasema."

Mhasibu akadai ramani za faru kwa nguvu zote, mtu ambaye hajawahi kushuka kreta hata siku ya picnic. Mpishi akaja na aproni yake kuniuliza amekosa nini. Kwetu huku ukimfungia mwenzako kitu cha ofisini umemtukana, na ukimfungia mtu uliyekula naye umemtukana mara mbili. Nilivumilia. Nilikuwa nikiiona ramani ile, naona alama ndogo nyekundu yenye jina la Elirehema, moyo unaniambia funga.

Miaka ikaenda. Mafaili yakatolewa ofisini yakapelekwa kuhifadhiwa mtandaoni, ili wakubwa walioko Arusha na ng'ambo wayaone wakiwa huko huko. Mtaalamu akaja na habari njema: tangu sasa kila mtu atakuwa na jina lake na paswedi yake moja tu, na hiyo moja itamfungulia barua pepe, magari, ramani, kila anachoruhusiwa, popote alipo duniani. Hakuna tena kukariri paswedi nyingi. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinua mkono nikauliza, "Na ikipotea hiyo moja?" Akanijibu, "Mama, haipotei, iko kichwani mwa mtu." Alikuwa mgeni, hajui watu wa huku vichwa vyetu tunaviazimana.

Sasa niwaeleze msiba wa Buger.

Mkuu wa doria yetu alikuwa Paulo, mtu wa kijiji cha Buger, mtulivu, mzee wa kanisa, ambaye ningemwachia nyumba yangu na watoto ndani. Jina lake ndilo lililokuwa linafungua ramani zote za kambi. Baba yake akafariki. Mnajua desturi yetu ya kazini: mwenzako akifiwa, asishike kitu. Unamshikia zamu, unamshikia funguo, unamshikia hata shamba. Tulikwenda ofisi nzima kuzika. Baada ya mazishi tumekaa uani, tunakula makande, ndugu wa Paulo wapo, majirani wapo, madereva waliotuleta wapo, na watu wengine wengi ambao mtu huwezi kuwauliza msibani wewe ni nani. Naibu wake akamwinamia akamwuliza habari za doria ya wiki ile, ataipangaje. Paulo alikuwa amechoka na kulia. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi iko wapi: "Ingia kwa jina langu tu. Paswedi ni jina la marehemu baba na mwaka niliooa." Na ili wasikosee, akautaja mwaka.

Kijiko kiliniponyoka. Nilitazama huku na huku. Watu walikuwa wanatafuna, wanaitikia, wanamsifu kwa kumkumbuka baba yake. Ningefanya nini? Ningesimama mbele ya mfiwa nimwambie abadilishe paswedi, kaburi la baba yake bado udongo mbichi? Nilimfuata mkuu wa mradi kwenye gari, nikamwomba tumfungie Paulo jina hadi atakaporudi kazini. Akanitazama kama nimetukana. "Mama Glory, kumfungia mfiwa? Atajua tumemfukuza. Acha hayo, mwacheni mtu aomboleze." Kesho yake asubuhi akapanda ndege kwenda Dar.

Asubuhi hiyo hiyo niliwahi ofisini kuliko wote. Nilifungua kumbukumbu za walioingia. Mfumo ule, pamoja na ubaya wake, ulikuwa unaandika nani kaingia, kafungua nini, akiwa wapi. Nikakuta jina la Paulo limeingia alfajiri. Halikuingia kutokea ofisini, wala Buger, ambako hata umeme hawakuwa nao. Liliingia kutokea kwenye intaneti kafe mjini, ile isiyofungwa usiku. Halikugusa magari. Halikugusa barua. Lilikwenda moja kwa moja kwenye ramani, likafungua kambi moja tu. Kambi ya ngwara, chini ya kilima upande wa ziwa, kwa yule faru jike mwenye mtoto. Kambi ya Elirehema.

Nikampigia Paulo. Simu ilipokelewa na shangazi yake, akampa.

"Kaka Paulo, pole tena. Uko wapi?"

"Niko hapa nyumbani, dada, tumekaa na wazee. Kuna nini?"

"Umetoka leo?"

"Nitatokaje, dada, na watu hawa?"

Naibu wake nilimkuta kwenye geti akishuka kwenye pikipiki. Alikuwa hajagusa kompyuta tangu msibani. Nilimwamini, kwa sababu alipoelewa ninachouliza alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Basi mtu mwingine alikuwa amevaa jina la Paulo, na alikuwa ameshaona hema la mdogo wangu lilipo. Nilikimbilia kompyuta, nikakosea paswedi yangu mwenyewe. Nilipoingia nililifunga jina la Paulo bila kumwuliza mtu. Mkuu angenifukuza, sawa, angenifukuza. Lakini kufunga kulisaidia nini? Kilichoonwa hakifunikwi kwa kufunga.

Chini kreta simu hazikushika. Ilibaki redio ya upepo, na redio ingesikika na huyo huyo ninayemwogopa. Nikimwambia Eli akimbie, yule anayeitaka pembe naye atajua akamkinge wapi. Tulikuwa tumeacha mazao ya Mzee Tluway tangu kompyuta zije, miaka yote hiyo. Watu walikuwa wanayataja kwa kucheka. Nikakaa kwenye kile kiti cha zamani, nikabonyeza.

"Ngwara, ngwara, hapa kituo. Unanisikia? Ova."

Kimya. Nikarudia. Kimya. Naibu amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kituo, nakusikia." Sauti ya Eli, yenye usingizi. "Dada, leo mbona unaniita jina la zamani?"

Nusura nilie. Nikajikaza. "Habari za shamba? Huku wanasema ngwara ina wadudu. Ova."

 Nilisikia upepo tu wa huko chini kwenye kipaza sauti. Nikajua amesahau. Nikajua atauliza wadudu gani, na akiuliza sina jibu la kumpa mbele ya masikio yote yale.

"Kituo," akasema polepole, "huku siku nyingi hatujapanda ngwara."

Nikafumba macho. Naibu akasema, "Yesu wangu."

"Ila hiyo kidogo iliyopo," Eli akaendelea, na usingizi ulikuwa umemtoka, "sichukui hata blanketi. Ova na kufunga."

Kutoka ile kambi hadi kituo cha ukingoni ni mwendo mrefu wa kupanda, kwenye majani marefu, na hakuna kuzungumza na redio njiani maana redio kubwa inabaki hemani. Tulishawajulisha kwa simu askari wa wanyamapori, wakaanza kushuka. Kwetu ilibaki kusubiri. Mimi nikarudi kwenye kompyuta, nikawa natazama zile kumbukumbu za kuingia kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama.

Watu walikuwa wameshafika kazini, na saa ya chai ikafika. Nasikia vikombe huko ukumbini, mpishi anaita, Shirima anacheka. Hapo ndipo mstari mpya ukatokea kwenye kioo mbele yangu. Jina la Paulo limejaribu kuingia, limekataliwa. Likajaribu tena, likakataliwa. Na safari hii halikuwa mjini. Lilikuwa kwenye kompyuta ya ukumbini mwetu, ile ya kila mtu, iliyo kando ya meza ya chai.

Niliinuka. Sijui niliinukaje. Kutoka chumbani kwangu hadi ukumbini ni koridoni tu, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Nilipofungua mlango, kompyuta ilikuwa haina mtu. Kiti kimesogezwa kidogo nyuma. Wote walikuwa wamesimama na vikombe mkononi, wenzangu wa miaka mingi, watu niliowashikia watoto wao kwenye ubatizo. Wote wakageuka wakanitazama.

"Mama Glory, mbona umepauka hivyo?" akasema mhasibu.

"Karibu chai, mama," akasema mpishi.

Shirima akanivutia kiti. Kile kile cha kwenye kompyuta.

Nilikaa. Nikaipokea chai nikainywa. Mmoja wao, kwa wema wote huo, sasa hivi tu alikuwa kwenye ile kompyuta akitafuta mdogo wangu amehamia wapi. Sikuthubutu kumtazama mtu machoni, nikiogopa nisije nikamwona.

Eli alifika kituo cha ukingoni mchana, suruali imechanika, na mwenzake nyuma yake. Waliniunganisha naye akasema, "Dada, ngwara imefika nyumbani," nikaweka kichwa mezani nikalia hadi naibu akafunga mlango. Askari walipofika kambini walikuta nyasi zimelaliwa juu kwenye kilima, vipisi vya sigara, na hema la Eli limepasuliwa kwa panga upande anaolaza kichwa. Faru na mtoto wake walikuwa wameshajiondokea zao kuelekea msitu wa Lerai, na waliokuja hawakuonekana tena.

Tulihojiwa mmoja mmoja, siku nyingi. Hakikupatikana kitu. Yeyote aliyekuwa msibani angeweza kuisikia ile paswedi, na yeyote aliyekuwa kwenye chai angeweza kuiandika. Paulo aliporudi alikuja kwangu amenuna. "Dada, ulinifungia mlango nikiwa matangani." Nikamwonyesha picha ya hema. Aliishika muda mrefu, akaomba ruhusa, akatoka nje. Toka siku hiyo paswedi yake hata mkewe hakuijua. Shirima naye, bila kuulizwa, alianza kunisalimia tena, na hilo nalo lilinikosesha usingizi: mtu anasalimia kwa sababu ameelewa, au kwa sababu gani? Hivyo ndivyo nilivyoishi na wenzangu miaka iliyobaki. Nikawapenda, nikala nao, na nikawafungia kila kilichofungika.

Mnaukumbuka mchana mlioniaga, pale bustanini. Mlialika na wazee wa zamani. Shirima alikuja na fimbo, mhasibu na wajukuu, mpishi akakataa kukaa akaenda kusimamia nyama. Elirehema alikuja pia, ana mvi sasa, mmemweka katikati yao kwenye meza kubwa, anakula kwenye sinia moja nao, anawapakulia. Ndipo wewe Happy, uliyeshika nafasi yangu, ukasimama na soda yako ukasema kwa furaha tele: "Mama, kabla hujaondoka tuachie paswedi yako hapa hapa, tukikwama tujue pa kuingilia!"

Mkaniona nimenyamaza mkadhani nimeshikwa na machozi. Nilikuwa natazama ile meza, nione ni nani atainua kichwa.

"Jina langu nimelifuta mwenyewe jana," nikasema. "Hata mimi haliniruhusu tena."

Meza nzima ikacheka. Eli alicheka kuliko wote, mkono wake ukiwa begani kwa aliyekaa karibu naye, na mimi nikasimama pale na khanga zenu mkononi, nikisikiliza kicheko kimoja kimoja.